Safari ya Ngazidja, kisiwa cha volkano: maswali na majibu kuhusu afya

Ngazidja, ambayo Wafaransa waliiita Grande Comore, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, na upande wake wa kusini umekaliwa na mlima Karthala, volkano hai yenye urefu wa mita 2,361. Kutoka Dar es Salaam ni safari fupi ya ndege, na wafanyabiashara, wageni wa harusi na wapanda mlima huvuka kwenda huko mwaka mzima. Wengi huuliza kuhusu moto wa mlima. Anayekijua kisiwa huuliza kwanza kuhusu maji.

Je, nina sababu ya kuiogopa volkano yenyewe?

Sababu ipo, ila si ile inayotajwa sana. Kati ya Aprili 2005 na Januari 2007 Karthala ililipuka mara nne, na madhara makubwa zaidi kwa afya ya watu hayakutokana na lava bali na majivu, ambayo katika milipuko miwili ya mwaka 2005 yaliangukia vijiji na kuharibu maji ya kunywa yaliyohifadhiwa majumbani. Hatari ya pili ni gesi: mwaka 1903 gesi iliyotoka mlimani iliua watu wapatao 17. Kabla ya kusafiri, na hasa kabla ya kupanda, ulizia hali ya mlima kwa wenyeji na kwa mamlaka za huko, kwa kuwa kuna kituo cha kuufuatilia mlima huo kisiwani.

Maji ya kunywa hutoka wapi, na je, ni salama?

Hili ndilo swali kubwa. Miteremko ya Karthala hupata mvua nyingi sana, na bado kisiwa kizima hakina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mwamba wa lava una matundu na nyufa, hivyo maji yakianguka hunywewa na ardhi papo hapo, yakashuka chini kabisa na kukutana na maji ya bahari. Ndiyo maana visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo hapaswi kulipuuza. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanavyopungua sufuriani, chumvi inazidi kukolea.

Kwa hiyo familia nyingi, hasa za vijijini, hukinga mvua kutoka kwenye paa na kuihifadhi katika birika la saruji kando ya nyumba. Mgeni wa Kiswahili akisikia neno la Kikomoro madji, yaani maji, atalielewa bila mkalimani, lakini asidhani kwamba analielewa na birika lenyewe. Paa linalokinga mvua ndilo linalopokea vinyesi vya ndege na mijusi, majani makavu na vumbi, na ndoo inayoteremshwa kwa kamba huwa imetoka kukaa chini, mahali kuku wanapopita. Wakati wa kaskazi mvua hujaza birika na maji hupata mzunguko. Wakati wa kusi mvua hupungua, maji yanabaki kidogo chini, na kila ndoo inayopanda huja na mashapo. Inatokea kwamba Julai na Agosti, miezi ambayo Wakomoro walioko Ufaransa hurudi kwa harusi kubwa na nyumba hujaa wageni, huangukia katika majira hayo ya ukavu.

Chukua glasi ya maji ya birika, iinue mbele ya mwanga wa mlango na usubiri kidogo. Ukiona vitu vyembamba kama nyuzi vikipanda na kushuka kwa kujipindapinda, hivyo ni viluwiluwi vya mbu, na tutavirudia. Usipoona kitu, usifurahi mapema, kwa sababu vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu havionekani kwa macho.

Maji hayo yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, kisha yafunikwe na yapoe katika chombo hichohicho. Ukitumia vidonge vya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri angalau nusu saa. Maji yakiwa na uchafu, yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza, kwa sababu klorini hutumika kupambana na tope badala ya vijidudu. Maji ya chupa yawe na kizibo ambacho hakijafunguliwa. Na barafu ya kwenye juisi ni maji yaleyale, jambo ambalo watu waangalifu kabisa hulisahau mezani.

Nikialikwa chakula nyumbani kwa watu na nikaletewa maji ya birika, nifanyeje?

Kukataa maji ya mwenyeji ni jambo zito kwetu na kwao pia. Omba chai. Maji yake yametokota, heshima imebaki mahali pake, na hakuna anayekuuliza sababu.

Majivu yakianguka nikiwa huko, maji yatafaa kunywewa?

Majivu ya volkano si kama ya jikoni. Ni chembe ndogo za mwamba na kioo, na mara nyingi hubeba asidi na madini kama floridi yaliyotokana na gesi za mlima. Yakiingia katika birika hubadilisha rangi na ladha ya maji, na hapo kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa moto huua vijidudu bali hauondoi floridi. Tumia maji yaliyokuwa yamefunikwa tangu kabla ya majivu, au ya chupa, mpaka mamlaka za afya ziseme maji ya birika yanafaa. Mwenye nyumba akipata dalili za mapema, autenge mfereji wa paa na birika, ili mvua ya kwanza isisukume majivu yote ndani.

Wewe mwenyewe kaa ndani, funga madirisha, na ukilazimika kutoka vaa barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni. Kitambaa cha kawaida husaidia kidogo tu. Anayevaa lenzi za macho azivue avae miwani, kwani chembe zikiingia chini ya lenzi hukwaruza jicho. Majivu yanyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, la sivyo unayarudisha hewani na kuyavuta mapafuni.

Kipindupindu bado ni hatari?

Februari 2024 Komoro ilitangaza mlipuko wa kipindupindu baada ya boti iliyotoka Tanzania kuwasili ikiwa na wagonjwa, na katika miezi iliyofuata watu zaidi ya 10,000 waliugua, wengi wao katika kisiwa cha Ndzuwani, ambacho ramani nyingi hukiita Anjouan. Ugonjwa ulivuka bahari kwa njia ileile anayopita msafiri wa kwetu, kwa hiyo mwenye kuhara asipande chombo mpaka apone. Ukiharisha majimaji mengi ukiwa huko, anza mara moja kunywa maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Ikikosekana pakiti, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji salama, kisha nenda kituo cha afya bila kungoja kesho.

Kuna malaria? Na mbu wa mchana je?

Malaria ipo, na kimelea chake kikuu ni kile kikali kinachojulikana kama falsiparamu. Komoro iliipunguza sana kwa vyandarua na kwa kuwagawia dawa mseto wakazi wote kwa pamoja, kisiwa cha Mwali mwaka 2007, Ndzuwani mwaka 2012 na Ngazidja mwaka 2013; wagonjwa wakashuka kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2010 hadi elfu chache tu kufikia 2014. Baadaye idadi ilipanda tena. Msafiri anayetoka sehemu za baridi kama Nairobi, Njombe au Ulaya, pamoja na wajawazito na watoto wadogo, waonane na daktari mapema kuhusu dawa za kinga, kwa kuwa nyingine huanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari na nyingine majuma 2 kabla, na zote huendelea kumezwa baada ya kurudi. Mkomoro aliyekaa Marseille miaka mingi naye ajihesabu kuwa mgeni: kinga ya utotoni hupungua mtu akikaa mbali na malaria.

Sasa vile viluwiluwi. Mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, hupenda maji safi yaliyotulia, na birika lisilo na kifuniko ni makao anayoyatamani. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na chandarua cha usiku hakimzuii. Ndiye aenezaye homa ya dengi na chikungunya, ugonjwa ambao jina lake ni la Kimakonde na ambao uliwakumba watu wengi sana Ngazidja mwaka 2005. Jipake dawa ya kufukuza mbu tangu asubuhi, hasa vifundoni. Ukipata homa na maumivu ya viungo, tumia parasetamoli tu, wala usimeze diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kabla ya kupimwa, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu ikiwa ni dengi.

Ninataka kupanda Karthala. Nijiandae vipi?

Wengi hutumia siku 2 na kulala njiani. Huko juu hakuna mahali pa kutegemea maji, kwa hiyo unachokunywa ni ulichobeba. Kadiria lita 3 hadi 4 kwa mtu kwa siku, bila kuhesabu ya kupikia, kisha ongeza lita moja ya kuoshea vidonda. Lita hiyo si anasa: mawe ya lava yana makali kama kigae kilichovunjika, na anayeanguka huchubuka viganja na magoti kwa mkupuo mmoja. Vaa viatu vigumu vilivyofunika vifundo, osha kidonda mpaka mchanga mweusi wote utoke, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapita miaka 10.

Kimo hicho ni nadra kuleta ugonjwa wa mwinuko, lakini joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, hivyo Moroni, mji mkuu ulio pwani, ikiwa na nyuzi 27, kileleni inaweza kuwa 13, na ukiwa umelowa jasho au ukungu unatetemeka.

Kuhusu gesi, harufu ya yai viza ni onyo, lakini kupotea kwa harufu hiyo si usalama, kwa maana pua huzoea na kuacha kuihisi. Hewa ya ukaa haina harufu kabisa, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hujikusanya mabondeni. Usiteremke kwenye shimo wala kulala katika bonde karibu na kilele, na kichwa kikianza kuuma au kuzunguka ghafla, panda penye upepo. Mwenye pumu abebe inhela mfukoni na si kwenye mzigo wa mchukuzi, kwani salfa dayoksaidi hubana njia za hewa ndani ya dakika chache. Ambaye pumu yake haijatulia, ninamshauri mlima autazame kutoka Moroni.

Nikiugua sana, nitatibiwa wapi?

Hospitali kubwa ya taifa ni El-Maarouf, iliyoko Moroni. Kwa maradhi mazito Wakomoro wengi wenyewe husafiri kutafuta tiba nje, Dar es Salaam ikiwa mojawapo, kwa hiyo chukua bima inayolipia kusafirishwa mgonjwa kwa ndege. Dawa zako za kila siku beba za kutosha na ziada ya wiki moja, katika begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Huko hutumia Kifaransa hospitalini, na jina halisi la dawa litaeleweka kuliko jina la dukani.

Nimerudi nyumbani nikiwa mzima. Nimemaliza?

Bado. Malaria ya falsiparamu kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, na kwa aliyetumia dawa za kinga inaweza kuchelewa zaidi. Homa yoyote ndani ya miezi 3 ipimwe siku hiyohiyo, na utaje Ngazidja kabla hujaulizwa, hasa ukiwa unaishi Muscat, London au Toronto, ambako daktari hatafikiria malaria mpaka umwambie ulikokuwa.