Ufadhili wa hisani kwa ardhi na chakula: fedha hizi hulipia nini?

Ufadhili wa hisani ni fedha anazotoa mtu, taasisi au jumuiya kwa manufaa ya wengine, bila riba, bila hisa na bila kudai zirudishwe. Zikielekezwa kwenye ardhi na chakula, huwa na makusudi mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, ardhi yenye msitu, chanzo cha maji au udongo mzuri isiharibiwe wala kukatwakatwa viwanja. La pili, watu wanaoitegemea wapate chakula kinacholimwa karibu nao, kwa namna ambayo udongo utaendelea kuzaa. Mfadhili hapati gawio. Anapata ripoti, na mara nyingine jina lake kwenye kibao kando ya barabara.

Kwa nini ardhi na chakula viwekwe kapu moja? Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kulijibu swali hili akiwa jikoni kwake. Sehemu kubwa ya maji ya bombani inatoka mto Ruvu, na maji ya Ruvu huanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mteremko ukilimwa bila matuta, mvua ya masika inashusha udongo mtoni, na kiangazi kikifika maji yanakuwa haba. Oktoba 2022 ukame ulishusha kina cha Ruvu na jiji likaingia kwenye mgao. Karoti na kabichi za Mgeta nazo zinatoka milima hiyo hiyo. Ongeza machungwa ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa na nyanya za Ilula, vyote vikishushwa Mabibo, Ilala na Temeke Stereo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na wengi wao hawana hata tuta moja la mchicha. Jiji linakula na kunywa kutoka kwenye ardhi ya watu wengine, na bei tunayolipa sokoni haina fungu la kuitunza ardhi hiyo. Pengo hilo ndipo fedha za hisani zinapoingia.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe vitu vinavyochanganywa. Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hauna riba lakini unarudishwa, si hisani. Mbolea ya ruzuku ni fedha ya serikali inayompunguzia mkulima bei. Hiyo ni sera, na kesho bajeti inaweza kuibadilisha. Biashara ya kaboni ni mauzo: kampuni inanunua kiasi cha hewa ya ukaa ambacho msitu wa kijiji umekihifadhi, na kijiji kinalipwa. Misaada ya serikali za nje ndiyo inayofanana zaidi na hisani machoni pa anayepokea, ila inafuata siasa za nchi inayotoa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikawa imefungwa. Asasi iliyokuwa ikitegemea mfuko huo mmoja ilijikuta na wafanyakazi wasio na mshahara na wanakijiji wanaouliza mkutano wa wiki ijayo upo au haupo.

Sasa twende kwenye ardhi, maana hapo ndipo watu wengi hupotea wakisoma habari za nje. Huko Marekani na Uingereza, hisani ya ardhi maana yake mara nyingi ni kununua. Asasi kama The Trustees of Reservations ya Massachusetts, iliyoanza mwaka 1891, au National Trust ya Uingereza ya mwaka 1895, hupokea michango na wosia, kisha humiliki mashamba, misitu na fukwe milele. Ipo pia njia ya mwenye shamba kubaki na shamba lake huku akiuza au kutoa bure haki ya kujenga juu yake. Anaendelea kulima, lakini yeye na yeyote atakayelinunua baadaye hawataruhusiwa kuligeuza mtaa wa nyumba. Mtu akilichukua wazo hilo lilivyo na kulileta Kibaha au Kisarawe, atakwama asubuhi ya kwanza.

Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatoa haki ya kutumia na kumiliki kwa masharti, na asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo mfadhili wa nje hawezi kuja na begi la dola akanunua msitu ili uachwe kama ulivyo. Kwa maoni yangu hilo ni jambo jema, hata kama linawakera wenye haraka, kwa sababu linailazimisha fedha ya hisani ipitie kwa wenyeji.

Ikipita huko, inalipia karatasi na vikao. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ni kazi nzito kuliko jina lake. Wazee wa vijiji jirani lazima waufuate mpaka kwa miguu na kukubaliana ni mto upi au mbuyu upi uliotajwa na wazazi wao. Mpimaji anakuja na vifaa vyake. Halmashauri ya kijiji inajadili, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, wilaya inathibitisha. Panatengwa mahali pa kulima, malisho, makazi, msitu wa akiba. Baada ya hapo zinakuja hati za hakimiliki ya kimila, za mtu mmoja mmoja au za kundi zima. Kila hatua ina nauli, chakula cha kikao, posho, chapa ya ramani. Hakuna benki itakayokopesha kwa ajili hiyo, maana hakuna marejesho, na bajeti ya wilaya haitoshi: nchi ina vijiji zaidi ya 12,000.

Mfano unaojulikana zaidi uko kaskazini. Asasi ya Ujamaa Community Resource Team iliwasaidia Wahadzabe wa bonde la Yaeda kupata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na baadaye jamii za wafugaji zikafuata njia hiyo. Mmoja wa viongozi wake, Edward Loure, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Ardhi haikubadilisha mwenyewe. Waliokuwa wakiishi juu yake walipata tu maandishi ya kumwonyesha anayekuja na trekta, na gharama ya kuyapata maandishi hayo ilibebwa na wahisani.

Upande wa chakula, ndani ya jiji lenyewe, mambo yanageuka. Mchicha, matembele, bamia na majani ya maboga tunayonunua jioni kwa mafungu hulimwa kandokando ya mto Msimbazi, chini ya nyaya za umeme, kwenye hifadhi za barabara na viwanja ambavyo mwenyewe hajaanza kujenga. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu au nne, haupandi lori wala hauhitaji jokofu. Ni mfumo wa chakula wa karibu kuliko wowote unaoweza kuuota. Lakini mlimaji wake hana hati, hana mkataba, na anajua siku yoyote anaweza kuambiwa aondoke. Mtu wa namna hiyo hapandi mchungwa. Haweki mboji ya kutosha pia, kwa kuwa mboji inalipa mwakani na yeye hana uhakika wa mwezi ujao.

Ndiyo maana miradi mingi ya kugawa ndoo za kumwagilia na pakiti za mbegu huacha mambo yalivyokuwa. Picha zinapendeza, sikatai. Ila fedha ile ile ingeweza kulipia mambo ambayo hayapigwi picha: kupima udongo na maji ya Msimbazi, ambayo yanapokea taka za viwanda, mwanasheria wa kuandika makubaliano ya miaka mitano kati ya kikundi na mwenye kiwanja, au muda wa mtu wa kufuatilia mipango miji ili bonde la kulima libaki kwenye ramani. Nje ya jiji, asasi ya Sustainable Agriculture Tanzania ya Morogoro imekuwa ikifundisha kilimo ikolojia, yaani kilimo kinachofuata mifumo ya asili, tangu mwaka 2011, na TOAM, chama cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, kinaendeleza alama ya Kilimohai, ambayo wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa kukaguana wenyewe kwa wenyewe badala ya kumlipa mkaguzi wa nje. Mafunzo na ukaguzi wa namna hiyo havina mnunuzi sokoni. Fungu la mboga ndilo linalouzika. Elimu iliyolitangulia inahitaji mtu mwingine wa kuilipia.

Hisani nayo ina mtazamo wake, na haifai kujidai haina. AGRA, asasi ya kuendeleza kilimo Afrika iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa fedha za taasisi za Rockefeller na Gates, ilisukuma mbegu bora na mbolea za viwandani. Watetezi wa kilimo ikolojia wanasema njia hiyo inamfunga mkulima kwa muuza pembejeo. Wote wanajitangaza kuwa wanasaidia mkulima mdogo, na wote hutoa fedha zisizorudishwa. Anayeomba ufadhili anachagua pia upande, hata kama fomu haimuulizi.

Kuna mahali ambapo hisani iliwahi kujaribu kujiondoa yenyewe. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya kimataifa ya CARE na WWF yaliendesha mpango Uluguru, katika kata ya Kibungo Juu, ambapo wakulima wa milimani walilipwa kwa kuchimba matuta ya ngazi, kupanda miti na kufunika udongo. Wanunuzi wa huduma hiyo walitoka huku bondeni: DAWASCO, iliyokuwa ikiendesha maji ya jiji wakati huo, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Wahisani walibeba gharama za utafiti, mazungumzo na mafunzo; watumiaji wa maji wakaanza kulipia utunzaji wa mto. Mpango ulikuwa mdogo, na malipo yenyewe hayakuwa ya kumtajirisha mtu, lakini ulionyesha mpaka wa kazi ya hisani ulipo.

Njia nyingine ya kutokimbizana na mradi wa miaka mitatu ni mfuko wa kudumu, na hili watu wa pwani hawahitaji kufundishwa na mtaalamu, kwa sababu wakfu tunaujua. Mnazi wa wakfu huangui shina, unaangua nazi. Nazi zinauzwa, taa ya msikiti inawaka, na mnazi unabaki. Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, wenye makao yake Morogoro, ulianzishwa mwaka 2001 kwa mantiki hiyo hiyo. Ulipata mtaji wa dola milioni 7 kutoka Global Environment Facility, mfuko wa kimataifa wa mazingira, kupitia Benki ya Dunia. Mtaji unawekezwa, faida ndiyo inayotolewa kama ruzuku kwa vijiji, hifadhi na watafiti katika milima hiyo, Uluguru ikiwemo. Udhaifu wake ni kwamba mwaka ambao masoko ya fedha yameyumba, ruzuku nazo zinapungua.

Kwa anayetaka kuomba, utaratibu hauna siri: andiko la mradi, bajeti, hesabu zilizokaguliwa, usajili. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika lisilo la kiserikali kuweka wazi fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Kinachoumiza zaidi ni masharti ya fungu: wafadhili wengi hulipia semina na kukataa kulipia pango la ofisi au mhasibu, kisha hushangaa hesabu zikichelewa.

Na si lazima fedha itoke ng'ambo. Jiji hili linaweza kukusanya mamilioni ya harusi kwa kundi moja la WhatsApp, makanisa yanapokea sadaka ya mavuno kila mwaka, na familia za Kariakoo zimeweka nyumba wakfu tangu zamani. Mfuko wa Tao la Mashariki ulisajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Bodi za wadhamini za misikiti na makanisa mengi ya Dar es Salaam zimesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa sheria hiyo hiyo.