Kitabu chenye fomula nyingi si lazima kiwe kizuri

Wazazi wanaosomesha watoto nyumbani hapa Arusha huniuliza kitabu gani cha jiometri kina fomula nyingi, kana kwamba somo lote ni fomula. Sivyo. Fomula za eneo na mzingo zinaenea kwenye karatasi moja. Jiometri yenyewe ni kueleza kwa nini.

Kipime kitabu kwa pembetatu. Fungua panaposema pembe zake tatu zina jumla ya nyuzi 180. Kikiishia "kumbuka", kirudishe dukani. Kizuri kitamwambia kijana azichane pembe za pembetatu ya karatasi, azipange kwenye mstari, kisha kimwambie huo bado si uthibitisho: achore mstari kupitia kilele, sambamba na kitako, aone pembe mbili za chini zikijirudia kule juu, ubavuni mwa ile ya tatu. Binti wa jirani yangu huku Njiro alifanya hivyo kwa rula na penseli butu (bikari ilishapotea zamani).

Vitabu vya Marekani navyo: huko jiometri mara nyingi ni somo la mwaka mzima peke yake. Kwetu imetawanywa ndani ya Hisabati, kidato cha kwanza hadi cha nne. Kama kijana wako atafanya mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, anza na muhtasari wa Taasisi ya Elimu. Cha Marekani kikae pembeni.