Je, wajua kwa nini ombi la bustani likifika Juni huwa limechelewa?

Kila Juni, bajeti ya kaunti inapokaribia kupitishwa, swali ni lilelile Likoni, Kisauni na Changamwe hapa Mombasa: watoto wanacheza barabarani, mbona hazitengwi pesa za uwanja? Lawama humwangukia mwakilishi wadi, kwa imani kwamba ana fungu lake kule bunge la kaunti na huamua mwenyewe alipeleke wapi. Imani hii imekita mizizi, na madhara yake ni makubwa: ombi zuri hupelekwa kwa mtu asiye na uwezo wa kulitimiza peke yake, tena katika mwezi ambao pesa zimeshagawanywa.

Tuanze na mwenye jukumu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaweka bustani, fuo na sehemu za burudani za kaunti chini ya serikali ya kaunti. Mbunge hayumo, kwa sababu sheria ya 2015 iliyounda NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, iliifungia kwenye kazi za serikali kuu, kama madarasa ya shule. Mifano tunayoiona Mombasa ndiyo huzidisha mkanganyiko. Ufuo wa Mama Ngina, palipofanyika Mashujaa Dei ya 2019, ulikarabatiwa na serikali kuu. Haller Park ya Bamburi nayo ilipandwa miti kwenye machimbo ya zamani ya kampuni ya saruji, na kuingia ni kwa tiketi. Zote mbili hazituonyeshi jinsi kaunti inavyopanga pesa zake.

Mwakilishi wadi hana hundi. Bajeti huandaliwa na serikali ya kaunti kupitia ofisi ya fedha, kisha bunge la kaunti huichambua, huirekebisha na kuipitisha. Hata hayo marekebisho yana mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema bunge likiongeza matumizi mahali, lazima lipunguze kiasi hicho hicho mahali pengine, na lisiende kinyume na maazimio yake juu ya waraka wa fedha unaowasilishwa Februari. Februari hiyo ndiyo kiini cha jambo lote, na wengi hawaijui.

Mzunguko wenyewe ni huu. Kufikia 1 Septemba, kaunti huwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambamo miradi hutajwa. Kufikia 28 Februari huja Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia 30 Aprili, hupitishwa kufikia 30 Juni, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

Chukua mfano wa kamati ya arusi yenye laki 4. Wanakaa na kugawa: mapishi laki 2, ukumbi na maturubai laki 1, mapambo elfu 60, magari elfu 40. Tangu siku hiyo, mpishi anaweza kupunguza nyama aongeze mchele, maana yumo ndani ya fungu lake. Lakini shangazi akija wiki ya arusi akitaka kikundi cha taarabu cha elfu 30, hakuna anayekataa taarabu. Swali ni nani anyang'anywe. Magari? Mapambo? Kila fungu lina mwenyewe, na mwenyewe amekwisha kuahidi watu. Lau shangazi angekuwepo siku ya kugawa, taarabu ingeandikwa kama fungu na isingemnyima mtu.

Februari ndiyo siku ya kugawa. Waraka ule hautaji bembea wala viti vya bustani, ndiyo maana watu huupuuza. Hutaja idara na kiasi. Idara yenye bustani ikipewa kidogo pale, mradi wako utashindana na mingine ndani ya kidogo hicho. Sheria inaitaka ofisi ya fedha izingatie maoni ya wananchi inapouandaa, na bunge hupewa siku 14 tu kuujadili. Kusikizwa si kupewa, lakini kutokuwepo ni kukosa moja kwa moja.

Ombi lenye uzito huwa na vitu vinavyoweza kuingizwa kwenye jedwali la mradi: jina la wadi, namba ya kiwanja, ukubwa kwa ekari, kazi itakayofanywa, makadirio ya gharama na idara husika. Bustani huenda ikawa ya mazingira, uwanja wa mpira ukawa wa michezo; ombi lisilotaja idara huzunguka ofisini bila mwenyewe. Kabla ya yote, hakikisha ardhi ni ya umma kwa hati na bikoni, yaani alama za mipaka, zipo. Kiwanja cha wazi bila karatasi ni chambo cha wanyakuzi, na mkandarasi hawezi kukabidhiwa mahali penye mgogoro.

Kuna fungu jingine linalosahaulika. Kujenga hulipwa na pesa za maendeleo, lakini askari, maji, taa na kufyeka majani hulipwa na pesa za matumizi ya kawaida, ambazo ni fungu tofauti. Itazame bembea iliyo karibu na bahari: kutu haianzi katikati ya mnyororo, huanza juu pale pete inaposuguana na ndoano, rangi ikishalika na upepo wa chumvi ukaingia. Chuma kilichochovywa kwenye zinki hustahimili zaidi, lakini hata hicho kinahitaji mtu wa kukikagua na kubadilisha pete kabla haijakatika mtoto akiwa juu. Kwa hiyo omba yote mawili katika karatasi moja, ujenzi na matunzo.

Kwa mwaka wa fedha utakaoanza Julai 2027, mlango wa kwanza ni kabla ya 1 Septemba 2026, na wa pili ni kabla ya Februari 2027 kwisha. Makadirio yakitoka Aprili, tafuta mstari wa wadi yako. Usipouona ilhali idara imepata fungu lake, andikia kamati ya bajeti ya bunge mwezi wa Mei, na katika barua hiyo taja ni mradi gani wa idara hiyo hiyo upunguzwe na kwa shilingi ngapi.