Jini na toniki haikuanzia kwenye chumba cha dawa

Dhana: Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India walishindwa kumeza kwinini, dawa ya malaria, kwa uchungu wake, wakaichanganya na jini (ile pombe kali), sukari na ndimu. Hapo ndipo jini na toniki ilipozaliwa.

Ukweli: Kwinini waliimeza kweli, na mara nyingi iliteremshwa kooni kwa divai au ramu. Kosa linaingia pale jini na toniki inapofanywa dawa yao. Maji ya toniki yalitoka London: mwaka 1858 Erasmus Bond alipata hataza ya maji ya gesi yenye kwinini, yakauzwa kama kinywaji cha kutuliza tumbo na kuchangamsha mwili. Na maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana kutaja jini na toniki, kutoka jarida la michezo la Waingereza wa India la mwaka 1868, yanasimulia mbio za farasi. Mbio zimekwisha, watu wana kiu, wanaagiza kwa sauti. Hapo hapana mgonjwa wala daktari.

Dhana: Ukinywa toniki, malaria haikupati.

Ukweli: Hii ndiyo inayonitia hofu, maana inaweza kumchelewesha mtu kwenda kupimwa. Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya toniki. Mtu mzima anayetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini humeza miligramu 600 mara tatu kwa siku, kwa siku 7. Piga hesabu: angehitaji zaidi ya lita 20 za toniki kila siku! Aliyewahi kutundikiwa dripu ya kwinini anakumbuka masikio yalivyomvuma. Glasi ya toniki haifiki huko, kwa sababu kwinini iliyomo ni ya ladha tu. Homa ikipanda, nenda kapime, umeze dawa mseto utakayoandikiwa, na umalize dozi.

Dhana: Kwinini ni ugunduzi wa Waingereza.

Ukweli: Hapana. Inatoka kwenye gome la msinkona, mti wa milima ya Andes, na Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, ndio waliolipeleka gome hilo Ulaya katika karne ya 17. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakaitenga kwinini yenyewe mwaka 1820. Msinkona ulifika hata kwetu: Wajerumani waliupanda Amani, kwenye milima ya Usambara.