Je, wajua taa na redio ya gari hunywa mafuta?

Ukimuuliza mtu umeme wa gari unatoka wapi, atakujibu bila kufikiri: kwenye betri. Jibu hilo ni kweli kwa sekunde chache tu, pale unapowasha gari. Stata, mota inayoamsha injini, hudai umeme mwingi kwa mkupuo, ampea 150 au 200 hata kwenye gari dogo la petroli, na hapo hakuna wa kuutoa ila betri. Injini ikishashika, mambo hugeuka. Taa, redio, wipa, pampu ya mafuta, cheche za plagi na kompyuta ya gari vyote huanza kulishwa na injini, na betri nayo hujiunga na foleni ya walaji ili irudishiwe ilichotoa.

Anayegawa chakula hicho ni altaneta, kile kidude chenye matundu ya hewa kilichofungwa ubavuni mwa injini. Mkanda wa mpira huchukua mzunguko kutoka puli kubwa ya kranki, mhimili mkuu wa injini, na kuupeleka kwenye puli ndogo ya altaneta. Kwa kuwa puli hiyo ni ndogo, altaneta huzunguka mara mbili hadi tatu kwa kila mzunguko mmoja wa injini.

Ndani yake, katikati, kuna rota: koili ya waya inayopelekewa umeme kidogo kupitia vipande viwili vya kaboni, nayo ikawa sumaku. Rota huzunguka katikati ya koili za shaba zisizosogea. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikipita karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Altaneta hufanya hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Umeme unaozaliwa ni wa kwenda na kurudi, kama ule wa majumbani, na betri haiwezi kuupokea. Hivyo hupitishwa kwanza kwenye dayodi, ambazo huuruhusu kwenda upande mmoja tu.

Tatizo lingine ni kwamba injini haina kasi moja. Sasa hivi iko kwenye foleni, baada ya muda iko barabara kuu. Regyuleta ndiyo inayotuliza mambo: huongeza au kupunguza umeme unaokwenda kwenye rota ili kinachotoka kibaki karibu na volti 14. Kwa nini 14 wakati betri huitwa ya volti 12? Kwa sababu betri iliyojaa na kutulia ina volti 12.6 hivi, na umeme hauwezi kuingia ndani yake bila kusukumwa na volti zinazozidi hizo.

Sasa, mafuta yanaingiaje hapa? Aliyeendesha baiskeli yenye dainamo anajua: ukiibana dainamo kwenye tairi ili taa iwake, pedeli huwa nzito. Sehemu ya uzito huo ni msuguano, lakini si wote. Umeme unapotembea kwenye koili, nao hutengeneza sumaku yake inayopingana na ile inayozunguka. Kadiri unavyodai umeme mwingi, ndivyo rota inavyokuwa ngumu kuzungushwa. Washa taa kubwa, feni na redio kwa pamoja kwenye gari la zamani, na huenda ukasikia injini ikilegea kidogo kabla ya kujikaza tena. Kule kujikaza ni petroli.

Ni petroli kiasi gani? Tupige hesabu ya makadirio. Lita moja ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi. Injini hugeuza karibu robo yake kuwa mzunguko, na altaneta hugeuza kama asilimia 60 ya mzunguko huo kuwa umeme. Unabaki na kilowati-saa 1.3 kwa lita. Taa mbili za mbele za kawaida za wati 55 kila moja, pamoja na za nyuma, hufika wati 150 hivi, kwa hiyo zitaimaliza lita hiyo kwa saa nane au tisa. Redio ya kawaida ni ya kusamehewa. Muziki wa matatu ya Nairobi ni habari nyingine: spika na skrini zikila wati 1,000, hizo ni ampea zaidi ya 70, wakati altaneta nyingi za magari madogo hutoa ampea 60 hadi 100 kwa jumla, tena injini ikiwa na kasi nzuri. Kinachopungua huchotwa kwenye betri, na ndiyo maana besi ikipiga taa hufifia.

Kiyoyozi wengi hukilaumu kwa kumaliza umeme, lakini katika gari la kawaida la petroli kompresa yake, pampu inayokandamiza gesi ya ubaridi, huzungushwa na mkanda moja kwa moja. Umeme huendesha feni na kuinasisha kompresa kwenye puli yake tu. Mafuta kinakula, tena zaidi ya taa.

Zamani kazi ya altaneta ilifanywa na dainamo, iliyokuwa dhaifu injini ikienda taratibu. Dayodi za silikoni ndizo zilizoipa altaneta nafasi. Chrysler ya Marekani iliiweka kwenye gari lake la Valiant la 1960. Kwenye Toyota Prius au Aqua, magari ya haibridi yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme, hutaikuta: betri ndogo hulishwa na betri kubwa ya haibridi kupitia kifaa cha kushusha volti.

Kupima kama altaneta inachaji, mita ya bei nafuu inatosha. Iweke kwenye betri injini ikiwa inaunguruma. Ukiona kati ya 13.5 na 14.7, inachaji. Ikionyesha 12 na kuendelea kushuka, unatembea kwa akiba ya betri. (Baadhi ya magari mapya hushusha volti makusudi ili kubana mafuta, kwa hiyo washa taa kwanza.) Fundi anayechomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili aone kama gari litazima, mzuie. Altaneta iliyokuwa ikichaji kwa nguvu ikikatiwa betri ghafla, volti zinaweza kuruka kupita 60 kabla regyuleta haijawahi kuzidhibiti, na kompyuta ya gari ndiyo inayozipokea.