Mgomo, sheria na mfuko wa chama: yanayokosewa kuhusu wafanyakazi wa Uingereza, 1900–1914

Miaka hii mara nyingi husimuliwa kama ugomvi wa barabarani, wagomaji huku na polisi kule. Ugomvi ulikuwepo, na watu walikufa. Lakini mengi yaliamuliwa mahakamani, bungeni, na kwenye karatasi ambazo mfanyakazi alitakiwa kuzitia sahihi, na hapo ndipo watu hukosea zaidi. Kwa ajili ya hesabu zinazofuata: pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12.

Dhana: Kugoma kulikuwa jinai mpaka chama cha Labour kilipoingia bungeni.

Labour kilikuwa hakijazaliwa. Vyama vya wafanyakazi vilipata kutambuliwa kisheria mwaka 1871, na mwaka 1875 mgomo wa amani ukaondolewa kwenye jinai. Mwaka huohuo kikafutwa pia kifungo cha mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha, isipokuwa katika kazi chache kama za gesi na maji.

Hatari ilikuja kwa mlango mwingine, wa kesi za madai. Agosti 1900 wafanyakazi wa reli ya Taff Vale, Wales Kusini, waligoma. Kampuni ikaleta watu wa kujaza nafasi zao, kisha ikakidai fidia chama chenyewe. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba anayeweza kushtakiwa ni mtu mmojammoja, na mtu mmoja hana kitu. Mwaka 1901 Baraza la Malodi, ambalo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, likaamua kwamba chama kinashtakika na mfuko wake unaweza kulipishwa. Fidia ilifika pauni 23,000. Ukijumlisha gharama za kesi, chama kilipoteza takriban pauni 42,000.

Kiasi hicho kinahitaji kutazamwa vizuri. Mfuko wa chama haukuwa wa mgomo peke yake. Humo humo ndimo ilimotoka posho ya mwanachama aliyelala kitandani, ya aliyeumia kazini, na fedha za mazishi. Mwajiri aliyeshinda kesi alichukua pia akiba ya wagonjwa na wajane. Baada ya hukumu hii kila katibu wa chama alipiga hesabu mara mbili kabla ya kuwaruhusu watu wake kugoma, na vyama vingi vilivyokuwa vikisitasita vikajiunga na kamati iliyoundwa mwaka 1900 kupeleka wawakilishi wa wafanyakazi bungeni. Uchaguzi wa 1900 kamati hiyo ilipata wabunge 2. Wa 1906 ilipata 29, na hapo ndipo ilipochukua jina la Labour.

Dhana: Sheria ya Migogoro ya Kazi ya 1906 iliwapa wafanyakazi haki ya kugoma.

Haikutoa haki, ilitoa kinga, na tofauti yake si ya maneno tu. Chini ya sheria hiyo mfuko wa chama haukuweza tena kudaiwa fidia kwa madhara ya aina ile ya Taff Vale. Kumshawishi mtu avunje mkataba wake wa kazi wakati wa mgogoro hakukuwa tena sababu ya kushtakiwa. Kusimama langoni kwa kiwanda na kuzungumza kwa amani na wanaoingia kukaruhusiwa. Basi. Mfanyakazi mwenyewe, akiacha kazi bila notisi, bado alikuwa amevunja mkataba, na mwajiri aliweza kumfukuza akaajiri mwingine. Aliyekingwa ni chama na mwandaaji wa mgomo. Aliyegoma alibaki na hatari yake.

Mwaka huohuo wa 1906, utawala huohuo ulitunga Sheria ya Mabwana na Watumishi katika nchi ambayo leo ni Kenya, na huko kuacha kazi kabla ya muda kulikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Kifungo kilichofutwa Uingereza miaka 31 nyuma kilipelekwa Afrika Mashariki kikiwa kizima. Anayesifia uungwana wa sheria za kazi za Uingereza za wakati ule azisome zote mbili pamoja.

Dhana: Serikali iliweka kima cha chini cha mshahara, waajiri wakatii.

Sheria ya Bodi za Mishahara ya 1909 ilihusu kazi nne tu mwanzoni: ushonaji wa nguo za kuuza tayari, masanduku ya karatasi, umaliziaji wa lesi za mashine, na minyororo. Zilichaguliwa kwa sababu ujira wake ulikuwa duni mno na wafanyakazi wake, wengi wao wanawake, hawakuwa na chama cha nguvu. Bodi ilikuwa na wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi, na watu wa kati walioteuliwa na serikali.

Cradley Heath, katikati ya Uingereza, wanawake walifua minyororo katika vibanda nyuma ya nyumba zao. Mwanamke alivuta mvukuto, akapasha ncha ya fimbo ya chuma, akaikunja na kuikata kwenye fuawe, akaipitisha ndani ya pete iliyotangulia, akairudisha motoni, kisha akaigonga kwa nyundo mpaka ncha mbili zikashikana. Halafu pete nyingine. Alilipwa kwa uzito wa mnyororo, mara nyingi kupitia dalali aliyeleta chuma na kuchukua kazi iliyokwisha. Juma zima la kazi lilimpatia kama shilingi 5 au 6.

Bodi ilipanga peni 2½ kwa saa. Kwa saa 54 hiyo ni shilingi 11 na peni 3, yaani karibu maradufu. Lakini sheria ilikuwa na tundu. Kiwango hakikuwa cha lazima tangu siku ya kwanza: palikuwa na kipindi cha miezi 6 ambamo mfanyakazi aliweza kukubali, kwa maandishi, kulipwa chini yake. Waajiri wakapeleka karatasi za kukubali. Wengi wa wanawake hawakujua kusoma, wakaweka alama zao bila kujua wanachokipa kisogo. Lengo lilikuwa kulimbikiza minyororo ya bei ya zamani, ili kiwango kitakapokuwa cha lazima maghala yawe yamejaa na kazi isiwepo.

Chama cha wanawake kilichoongozwa na Mary Macarthur kilikataa. Waliodai kiwango kipya wakanyimwa kazi, na kuanzia Agosti 1910 wanawake wapatao 800 walishikilia msimamo kwa muda wa majuma 10. Michango kutoka kwa watu ilikaribia pauni 4,000. Mwajiri wa mwisho alitia sahihi tarehe 22 Oktoba 1910. Kiwango kilitungwa na serikali, ni kweli, ila kililipwa kwa sababu wanawake wale hawakurudi vibandani kwa bei ya zamani.

Dhana: Churchill aliamuru askari wawapige risasi wachimbaji wa Tonypandy.

Tonypandy, mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe katika bonde la Rhondda, Wales Kusini, hakuna aliyeuawa kwa risasi. Chanzo kilikuwa bei ya tani. Katika shimo la Ely, wachimbaji kama 70 walifanyia majaribio mkanda mpya wa makaa ya mawe uliopitiwa na tabaka la jiwe. Jiwe huchelewesha mkono, na anayelipwa kwa tani halipwi kwa jiwe analolitoa. Walidai shilingi 2 na peni 6 kwa tani; kampuni ikatoa shilingi 1 na peni 9, ikasema wanafanya kazi polepole makusudi. Tarehe 1 Septemba 1910 ikawafungia lango wafanyakazi wote wa shimo, kama 950, hata wasiohusika na mkanda ule. Kufikia Novemba wachimbaji 12,000 wa migodi ya kampuni hiyo walikuwa wamegoma.

Fujo zilipozuka tarehe 7 na 8 Novemba, Churchill, Waziri wa Mambo ya Ndani, kwanza aliwasimamisha askari njiani na kutuma polisi wa London. Kisha akawaruhusu askari kuendelea, wakakaa bondeni kwa miezi mingi. Mchimbaji mmoja alikufa kwa pigo la kichwani. Kwa hiyo lawama ya risasi ni uongo, lakini kinyongo cha watu wa bonde lile hakikuwa cha bure: kwa ulinzi ule kampuni iliweza kungoja, na mwaka 1911 watu walirudi shimoni bila zile shilingi 2 na peni 6.

Risasi zilifyatuliwa kwingine, Agosti 1911, wakati wa misukosuko ya uchukuzi na mgomo wa kwanza wa reli wa nchi nzima. Wanaume wawili waliuawa na askari Liverpool, na wawili Llanelli. Safari hiyo Churchill alituma askari bila kungoja maombi ya wakuu wa miji. Anayetaka kumhukumu aanzie hapo.

Dhana: Mgomo wa makaa wa 1912 uliwapatia wachimbaji shilingi 5 kwa siku.

Wachimbaji takriban milioni moja waligoma wakidai shilingi 5 kwa mtu mzima na 2 kwa mvulana. Bunge lilitunga sheria ya kima cha chini mwezi Machi, ila hakuna tarakimu ndani yake hata moja. Kila wilaya iliachiwa bodi yake ipange.

Dhana: Bima ya taifa ya 1911 ilikuwa zawadi ya serikali.

Kwa upande wa afya, kila juma mfanyakazi mwanamume alikatwa peni 4, mwajiri akatoa 3, serikali 2. Akiugua alipata shilingi 10 kwa juma na daktari. Mke na watoto hawakuwa na daktari huyo. Upande wa ukosefu wa kazi ulihusu wafanyakazi wapatao milioni 2¼ tu, wa ujenzi, meli, uhandisi na kazi za jinsi hiyo: shilingi 7 kwa juma, majuma yasiyozidi 15 kwa mwaka, na juma moja la malipo kwa kila michango 5.

Aliyekosa kazi kwa sababu ya mgogoro mahali pake pa kazi hakulipwa kitu. Peni alizokatwa zilibaki serikalini, naye akaenda kupanga mstari kwa katibu wa chama, kwenye mfuko uleule.