Siku 21 hazitoshi kuzoea kuandika

Hapa Lamu, kijana anayeanza kuandika huambiwa avumilie siku 21, mkono utazoea wenyewe. Siku ya 22 akiona bado ni mzigo, hufunga daftari akijiona hana kipaji. Inaniuma, maana hesabu hiyo si sahihi. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu waliojijengea mazoea ya kula, kunywa na mazoezi ya mwili. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66. Kwa wengine 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254! Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kila mmoja alilifunga tendo jipya na jambo la kila siku, mfano baada ya kifungua kinywa. Basi ukishaswali alfajiri, kaa barazani, andika mistari mitatu kabla ya kahawa.